Kola Isiyokaa

Wanawake watano walisimama kuizunguka meza, wakilitazama shati moja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Shati lenyewe lilikuwa jeupe, la mtoto wa shule, limelazwa chali. Mikono yake ilikuwa sawa. Mfuko ulikuwa sawa, na vifungo vilijipanga vizuri toka juu mpaka chini. Lakini kola, Mungu atusitiri, kola ilikuwa imeinama upande mmoja kama mtu anayetega sikio ukutani asikilize umbea wa jirani. Lilikuwa shati la nne hilo, na yale matatu ya mwanzo yalikuwa yameinama vilevile.

Mwenyekiti wa kikundi alisema kosa si la kola. Alisema hivyo upesi mno, na alikuwa na sababu, maana kola aliishona yeye. Hata jina walimwita Kola. Hakupewa na wazazi, ni jina la kiwandani. Kule kiwandani mtu aliitwa kwa kile anachoshona, kwa kuwa wasimamizi walikuja na kuondoka na hakuna aliyejisumbua kujifunza majina ya watu. Ndiyo maana mezani pale palikuwa na Mikono, Mfuko, Vifungo na Pindo, wanawake wazima wenye watoto na wakwe, na majina hayo yalikwisha kuwaganda.

Kola alikuwa ameshona kola kwa miaka kumi na tisa, mia nne kwa siku, hakushona kingine. Juu ya kitanda chake kulikuwa na cheti ndani ya fremu, kilichosema kwamba kola zake hazijawahi kurudishwa na mkaguzi hata moja. Kiwanda kilipofungwa wengine waliondoka na mkasi, wengine na kiti. Yeye alikumbatia cheti. Na cheti hicho ndicho kilichompa uenyekiti, kwani nani angebishana nacho?

Basi aliwalaumu wengine. Alimwambia Mikono, aliyepewa kazi ya kuunganisha vipande, kwamba anavuta kitambaa. Alimwambia Pindo kwamba pindo lake linalivuta shati lote kwa chini. Pindo alikuwa mdogo wao wote na mchelewaji sugu, na hata yeye alijua kwamba pindo la chini haliwezi kupinda shingo ya juu. Aliangalia viatu vyake. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, na siku ile nyani alikuwa mwenyekiti.

Aibu yao ilikuwa na historia. Kwa wiki saba walikuwa wakihudhuria mafunzo ya kuanzisha biashara, ukumbini, chini ya mwalimu ambaye angeweza kuwa binti wa yeyote kati yao. Mwalimu aliwaita mama zangu, akawafundisha kumjua mteja, kuandika tatizo wanalolitatua, na kuanza kidogo. Wao walitaka kushona sare za shule, na katika kila mashati kumi walitaka kutoa moja kwa mtoto ambaye kwao hakuna kitu. Mwalimu alilipenda wazo hilo. Tangu wiki ya pili aliwaomba jambo moja tu, washone shati moja kamili alione. Wakacheka mpaka machozi. Wao, walioshona meli nzima ya mashati, waambiwe washone moja? Wakaacha shati, wakapaka rangi bango. Walijadili jina la kikundi siku mbili na nusu na kugombana juu ya nani atashika mhuri. Shati lilibaki kuwa jambo dogo la kufanya mwishoni.

Wiki ya mwisho ilipofika, wakagundua kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kushona shati. Kila mmoja alikuwa ameshona kipande chake, akakisukuma kwa jirani yake, basi. Mume wa Mikono, aliyekuwa mkataji kulekule kiwandani, aliwakatia kitambaa. Sasa kilikuwa kimebaki cha shati moja tu, na siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Ijumaa saa nne asubuhi mwalimu mkuu wa shule ya mtaa ule angekuja kuliona shati. Akiridhika, angewaelekeza wazazi kwao, na wenye mafunzo wangewakabidhi chumba chenye cherehani tatu kwa mwaka mzima. Asiporidhika, chumba kingechukuliwa na vijana wa kikundi cha pili, waliotaka kutengeneza simu.

Wote walikihitaji chumba kile, lakini Kola alikihitaji kwa namna ya kumkosesha pumzi. Alikuwa mjane, na binti yake wa pekee alikuwa anaingia mwaka wa mwisho wa sekondari, mtoto wa pili darasani kwa hesabu. Kaka yake Kola, mwenye duka mji wa mbali, alimhurumia dada yake kwa miezi minane, halafu huruma ikamwishia. Alimwambia kwenye simu, tena kwa upole, kwamba mkono mtupu haulambwi. Jumapili angekuja. Akimkuta dada yake ana kazi, atakunywa chai na kuondoka. Akimkuta hana, ataondoka na binti, amsaidie kukaa dukani. Shule je? Shule baadaye. Kola alijua maana ya baadaye, kwa sababu yeye mwenyewe aliambiwa neno hilohilo alipokuwa na miaka kumi na tano, na baadaye haikuja mpaka leo.

Vifungo, mwanamke asiyependa maneno mengi, ndiye aliyevunja kimya.

"Na Shingo je?"

Wote walimtazama Kola.

Shingo alikaa kando ya Kola kiwandani kwa miaka yote kumi na tisa. Kola akimaliza kola, Shingo ndiye aliyeipokea na kuiunganisha na shati. Walikula pamoja, walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Kiwanda kilipotangaza kufungwa, wanawake waligoma getini, juani, wakidai haki zao. Shingo alipita katikati yao akaingia ndani, akafanya kazi miezi mitatu ya mwisho na wachache waliobakizwa. Kola hakumsamehe. Kikundi kilipoanza, Shingo alikuja ukumbini, akasimama mlangoni, akauliza kama kuna nafasi. Kola alimjibu bila kunyanyua macho kwamba nafasi zimejaa. Ilikuwa kweli, fomu ya mafunzo ilikuwa na mistari mitano ya majina. Lakini siku ile ni minne tu iliyokuwa imejazwa, na wa tano walikwenda kumtafuta Pindo makusudi.

Alhamisi mchana Kola alipiga moyo konde, akaenda. Shingo aliishi chumba kimoja nyuma ya fundi wa matairi, nyundo ikigonga tangu asubuhi. Kola alipiga hodi. Alikaribishwa. Walijuliana hali kirefu, watoto, miguu, presha, kama watu wawili wasiodaiana neno. Shingo alikuwa amekonda. Miwani yake ilifungwa kwa uzi upande mmoja, na mapajani alikuwa na pazia kuukuu analolifumua ashone foronya.

Kola alilitoa shati kwenye mfuko, akalitandaza juu ya kitanda, akaanza kueleza habari za Mikono kuvuta kitambaa. Shingo hakulitazama shati. Aliuchukua mkono wa kushoto wa Kola, akakibonyeza kidole gumba kwenye kiungo.

"Bado hakijanyooka," alisema.

"Kidole kina nini?"

"Sindano ilipokuingia ulikaa nyumbani siku mbili, ukarudi. Tangu siku hiyo hukibani kitambaa sawasawa. Ncha ya kushoto inazidi. Kidogo tu, upana wa punje ya mchele."

Kola alihisi masikio yanapata moto. Alikumbuka sindano ile. Binti alikuwa na miezi miwili, halali usiku, na yeye alisinzia juu ya cherehani. Alimwambia Shingo kwamba haiwezekani, kwamba mkaguzi angeona, kwamba ana cheti.

"Mkaguzi alikuwa anakaa baada yangu," Shingo alisema. "Nilikuwa naipunguza kabla sijaiunganisha. Zote."

"Miaka yote hiyo?"

"Ningefanyaje, mdogo wangu? Wangekutoa siku ileile, na ulikuwa na mtoto kifuani."

Mtu angedhani Kola alishukuru. Hakushukuru. Kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa hasira, hasira nzito ya mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu. Alimuuliza kwa nini hakumwambia. Shingo alimuuliza kama angeamini. Ndipo Kola akarusha lile lililokuwa limemkaa kooni miezi yote. Kwa nini aliwapita getini? Shingo hakujitetea. Alisema alikuwa na njaa, akaendelea kufumua pazia. Nje nyundo ya fundi iligonga, ikanyamaza, ikagonga tena.

"Kesho nitakuja," Shingo alisema mwishowe. "Shati zima naliweza. Miezi ile mitatu vipande vyote vilipita mikononi mwangu, na mikono isiyo na mazungumzo hujifunza. Ila mlangoni sisimami tena. Jina langu liwe kwenye fomu."

Kola alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa biashara, akamwomba aongeze mstari wa sita. Mwalimu alisikitika kweli. Alisema fomu imechapwa huko juu, majina ni matano, na aliye nje ya fomu hana ufunguo wala fungu katika mapato. Anaweza kuja kujifunza tu, bure, kama mgeni. Kubadilisha jina kunaruhusiwa mpaka Ijumaa asubuhi. Kuongeza hakuruhusiwi.

Jioni ile Kola aliiweka fomu aliyoachiwa na mwalimu mezani kando ya sahani, akawapitia mmoja mmoja. Mikono ana mume mkataji, bila yeye hawana wa kuwakatia. Mfuko na Vifungo walikuwa naye tangu mwanzo. Pindo je? Pindo alichelewa kila siku. Pindo alishona pindo, kazi ambayo hata kipofu angeifanya. Alijisemea kamba hukatikia pabovu, akachukua penseli, akapitisha mstari mwembamba juu ya jina la Pindo. Binti yake alipoleta maji ya kunawa, Kola aliifunika fomu kwa kiwiko, lakini mtoto alikuwa amekwisha kuona, maana alirudi jikoni bila neno.

Ijumaa asubuhi, ajabu ya mwaka, Pindo ndiye aliyetangulia. Alikuwa amefagia ukumbi na kufuta meza. Alimpokea Kola mkoba, akamwambia kwa aibu kidogo kwamba jana amemweleza mama mkwe wake kuwa amepata kazi, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe mama mkwe alimmiminia chai yeye kwanza. Kola alisema vizuri, akaangalia pembeni.

Shingo aliingia, na Kola aliwatangazia wote, kwa sauti iliyokauka, kwamba kosa lilikuwa kola. Kola yake. Tangu zamani. Hakuna aliyemcheka, na hilo lilimuuma kuliko kicheko.

Kisha Shingo alikaa kwenye cherehani. Kitambaa kilikuwa hichohicho cha mwisho, ukikosea umekwisha. Aliunganisha mabega na mikono, kisha akanyoosha mkono kushoto bila kugeuka, kama alivyonyoosha mara mia nne kwa siku. Kola akampa kola. Mkono wa kulia wa Shingo ukachukua mkasi, ukakata ncha mara moja, kwa wepesi wa mtu anayefukuza nzi. Hakuangalia. Macho yake yalikuwa kwenye sindano. Kipande cheupe kikaanguka sakafuni, chembamba kuliko ukucha.

Kola alikaa miaka yote kando ya mkasi ule akidhani rafiki yake anakata uzi.

Aliinama akakiokota kile kipande. Akakiweka kiganjani, akajaribu kuhesabu, akashindwa. Mara mia nne kwa siku, tangu binti akiwa na miezi miwili, na kila mara chakula cha binti yake kilipita kwenye mkasi wa mtu mwingine, na mtu huyo hakuomba hata ahsante. Shingo sasa alikuwa anafika kwenye shingo ya shati, na kola ilikaa. Ilikaa kama iliyozaliwa pale. Na Kola, ambaye hakuwa mjinga, aliona pia jambo la pili. Kama Shingo anaweza shati zima, basi anaweza na kola. Mezani pale kulikuwa na mtu mmoja asiyehitajika, na mtu huyo hakuwa Pindo. Pindo alikuwa amepiga magoti akikunja pindo la chini kwa pini, sawa kabisa, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika.

Tusimpambe. Alisimama na ile fomu dakika nyingi, na akamchukia kila mtu mle ndani. Alimfikiria kaka yake, na basi la Jumapili, na duka. Alimfikiria mama mkwe wa Pindo na chai yake. Hatimaye alifuta mstari wa penseli kwa kifutio cha mwalimu, akaomba kalamu ya wino, akalikata jina la kwanza kwenye orodha, lake mwenyewe, akaandika juu yake jina la Shingo. Jina la nyumbani, alilopewa na wazazi. Ilibidi amuulize, kwa sababu katika miaka kumi na tisa hakuwahi kulijua.

Mwalimu mkuu alifika saa nne kamili. Alikuwa mama mnene mwenye haraka. Aliligeuza shati ndani nje, akavuta mishono, akaisimamisha kola kwa vidole viwili na kuiachia. Ikarudi mahali pake. Alisema wazazi wataanza kuja wiki hiyohiyo. Mwalimu wa biashara alipiga makofi, akasoma majina matano, akasita, akayasoma tena. Alimtazama mwenyekiti. Kola alisema anakwenda kunywa maji, akatoka, akakaa nyuma ya ukumbi kwenye ngazi mpaka makofi yalipokwisha.

Kaka alikuja Jumapili kama alivyoahidi. Alikunywa chai, lakini hakuondoka peke yake. Kola hakumdanganya, na kaka hakumsimanga. Alisema tu kwamba siku dada yake atakapokuwa na kazi, mtoto atarudi hata kesho yake, na shule zinafunguliwa baada ya wiki sita. Binti alikuwa anafunga vitabu vyake vya hesabu kwenye boksi. Kola alijaribu kumweleza habari ya mkasi, na kidole, na chai ya Pindo. Ilitoka vibaya, maneno yakipandana. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, na sauti yake haikupanda.

"Mama, jina ulilolikata pale ni langu."

Kola alimsaidia kufunga boksi kwa kamba. Aliwasindikiza mpaka stendi, akasimama mpaka basi likakata kona, akarudi nyumbani kwa miguu. Alilia njia nzima, waziwazi, watu wakimpisha. Alipofika alikitoa kile cheti ukutani, akakigeuza, akakiegemeza sakafuni uso ukitazama ukuta.

Jumatatu asubuhi chumba kipya kilikuwa wazi. Cherehani mbili zilikuwa zinakwenda, na wazazi wawili walikuwa kwenye benchi wakisubiri watoto wao wapimwe. Kola alisimama mlangoni. Hakuvuka kizingiti. Pindo alimwona wa kwanza, akainuka kumwachia kiti chake, na Kola akamwashiria akae. Wengine waliacha kushona. Shingo peke yake aliendelea mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi, ndipo akanyanyua miwani yake.

"Nimekuja kujifunza kushona shati," Kola alisema. "Zima. Najua nafasi zimejaa."

Shingo akanyoosha mguu chini ya meza, akasukuma kigoda mpaka kando yake, upande wa kushoto, na kwenye cherehani ya tatu akamwekea vipande viwili vya bega.

"Kola utaifikia mwisho," alisema. "Anza hapa."

Kola alikaa. Alikuwa na siku arobaini na mbili, kidole kibovu, na hakuwahi kushona bega maishani mwake. Alikibana kitambaa kwa nguvu zake zote, akashona. Alipomaliza, Shingo alikigeuza kipande, akakipitisha kidole kwenye mshono, akamrudishia.

"Umekwenda upande. Fumua."

Akafumua.